Dodoma hadi Kolo: siku saba za makapi ya zabibu, makaa ya mzabibu na udongo mwekundu

Siku ya 1: Dodoma mjini

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza hukutana na mvua za mwanzoni mwa mwaka, ya pili huangukia Agosti na Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea. Anayetafuta rangi na aje msimu huu wa pili. Wakati wa mvua mizabibu hushambuliwa na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, dawa hupigwa mara kwa mara, majani hutoka madoa na tunda hunywa maji hadi rangi ya ganda inakuwa hafifu. Kiangazi tunda ni dogo, sukari imepanda, na ganda limekolea. Upepo nao una faida yake: karatasi iliyolowa hukauka kwa saa mbili tu. Hasara ni vumbi, ambalo halibagui kazi iliyokwisha na isiyokwisha.

Kinachoandaliwa ni ubao mmoja wa sanaa ya nyenzo mchanganyiko, sm 60 kwa 90, wenye tabaka nne: udongo, kitambaa na karatasi zilizotiwa rangi ya makapi, mistari ya makaa ya mzabibu, na fuwele zinazoganda ndani ya matangi ya mvinyo. Rangi zote zipatikane kwenye njia ya kwenda Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya kale ya miambani. Swali la kubeba mfukoni ni moja: katika hizi nne, ipi itakuwepo baada ya miaka kumi?

Vya kununua sokoni: shabu gramu 200, magadi nusu kilo, siki nyeupe lita mbili, ndimu thelathini, karafuu kiganja kimoja, kamba ya katani, merikani mita tatu, gundi nyeupe ya mbao kilo mbili, spiriti lita moja na gundi ya mgunga robo kilo. Gundi ya mgunga ni yale machozi ya rangi ya asali yanayoganda kwenye gome; chagua mapande meupe, kwa sababu yale ya kahawia yana tanini, ile dawa ya ukakasi iliyomo kwenye magome na majani, na yatabadilisha wino. Mizani inayosoma gramu moja, kipimajoto na karatasi za pH, za kupimia kiwango cha uchachu, ni vya lazima. Karatasi nzito ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba, inunuliwe kabla ya kuanza safari.

Sufuria ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini, na wino wa zabibu ni mchachu. Ukichemshwa humo unakula alumini na wekundu unageuka zambarau chafu. Kwenye chungu cha chuma ni vibaya zaidi, unakuwa mweusi. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au beseni la enameli ambalo halijabanduka.

Maji ya kutu hutangulia safari kwa wiki nzima: robo kilo ya misumari yenye kutu ndani ya nusu lita ya siki, mfuniko ukiwa umelegezwa kwa sababu siki ikikutana na chuma hutoa gesi. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yako tayari. Jioni ya leo merikani inafuliwa kwa sabuni na maji ya moto kuondoa uwanga wa kiwandani, kisha inalazwa kwenye shabu: gramu 12 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Ilale humo usiku kucha.

Siku ya 2: Mpunguzi, barabara ya Iringa

Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana ndio walioanza kilimo cha mizabibu hapa katika miaka ya 1950, na tangu hapo zao hili limekuwa mali ya wakulima wadogo wa Wagogo, ekari moja moja, mbili mbili. Zabibu nyekundu iliyoenea ni ile inayoitwa Makutupora, kwa jina la mahali kilipo kituo cha utafiti kaskazini mwa mji. Kuna pia Syrah, na nyeupe kama Chenin Blanc. Nyeupe haina faida kwa wino, ila fuwele zake ni safi kuliko za nyekundu.

Shambani hapa vinachukuliwa vitu viwili, matawi na majani, na vyote viwili vinaombwa kwa mwenye shamba. Matawi mazuri ni yaliyopogolewa msimu uliopita na kurundikwa pembezoni. Yana miezi kadhaa ya jua. Tafuta unene wa penseli, milimita 6 hadi 10. Pinda kila moja: likivunjika kwa mlio, chukua, likikunjika, bado lina maji. Tazama pia ncha iliyokatwa. Mchwa wa Dodoma huingia kwa chini na kula moyo wa tawi huku gome likibaki zima kama halijaguswa, na tawi la namna hiyo hutoa kijiti cha makaa kinachovunjika mkononi. Rundo lililoegemezwa kwenye ua, lisilogusa ardhi, ndilo la kuaminika. Mia mbili zinatosha, kwa maana nusu zitaharibika.

Vikono vya mzabibu, zile nyuzi za kujisokota zinazoshika waya, zikatwe zikiwa zimekauka zenyewe. Kumi na tano hivi. Kazi yake ni ya keshokutwa.

Majani yachukuliwe ya chini ya mzabibu, yaliyokomaa na kuanza kuwa mekundu kingoni. Machanga yana tanini kidogo na hayatoi alama. Yaoshwe mara tatu, maana mrututu unaopigwa dhidi ya ubwiri hubaki juu ya jani kama unga wa buluu na huacha madoa ya kijani kwenye kitambaa. Maji ya kuoshea yasimwagwe karibu na kuku wala mtoni.

Kuchapa majani kwenye merikani: kamua kitambaa kibaki na unyevu tu, kitandaze. Chovya kila jani kwenye maji ya kutu yaliyoongezwa maji, kijiko kimoja kwa ishirini, likung'ute, lilaze upande wa mishipa ukigusa kitambaa. Funika kwa kipande kingine cha merikani. Viringisha vyote juu ya chupa tupu ya mvinyo, kwa nguvu, bila kuacha mfuko wa hewa, halafu funga kwa kamba ya katani mzunguko kwa mzunguko hadi chupa isionekane. Ipikwe kwa mvuke saa mbili, isiguse maji. Ikishaiva usifungue. Iache hadi kesho asubuhi.

Wanaofungua ikiwa moto hupata kivuli cha jani badala ya jani. Kitambaa kilichofungwa kilegevu hutoa ukungu. Kilicholoweshwa sana hutoa michirizi. Na maji ya kutu yakiwa makali, kitambaa chote huwa kijivu na baada ya miaka michache huanza kukatika penye madoa, kwa sababu chuma na asidi hula pamba polepole. Moja kwa ishirini si woga, ndiyo dawa yenyewe.

Siku ya 3: Hombolo, makapi

Kilomita arobaini na kitu kaskazini mashariki mwa mji. Siku hii ni ndefu na inaanza saa moja asubuhi.

Zabibu nyekundu ikifika kiwandani hupondwa, vikonyo hutolewa, na maganda huachwa ndani ya maji ya tunda yakichachuka pamoja. Hamira hula sukari na kutoa kileo na hewa ukaa; kwa hesabu ya haraka, zabibu yenye sukari ya nyuzi 22 kwenye kipimo cha briksi hutoa mvinyo wa takribani asilimia 12. Hewa ukaa huyanyanyua maganda juu kama kifuniko, nacho hukandamizwa mara mbili au tatu kwa siku ili rangi ishuke. Baada ya wiki moja hivi mvinyo hutolewa, maganda hukamuliwa, na kinachobaki ni makapi: maganda, mbegu na vipande vya vikonyo. Kila kilo mia za zabibu huacha kilo ishirini au zaidi kidogo. Wengi huyatupa au huyarudisha shambani kama mbolea, kwa hiyo kuyapata si taabu.

Neno moja la usalama. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini ya tangi na kwenye mashimo. Kuna wanaoshusha mshumaa kupima. Mshumaa hauzimiki mpaka hewa hiyo iwe nyingi kuliko mwili unavyostahimili, kwa hiyo kuwaka kwake si ruhusa ya kuingia. Makapi yapokelewe nje, kwa koleo refu, na mwenye tangi lake ndiye ayatoe.

Omba makapi yaliyochachuka, si mabichi. Mabichi yana rangi nyingi zaidi na ndiyo yanayomvutia mgeni, lakini yana sukari. Wino wenye sukari haukauki kabisa: unanata, unashika vumbi, na sisimizi wataufuata mpaka ndani ya fremu. Yaliyochachuka sukari imeshaliwa na hamira. Uliza pia kama yametiwa dawa ya salfa leo. Salfa hupausha wekundu wa zabibu kwa muda, nawe utadhani makapi yamekufa. Yatandaze kivulini saa moja au mbili ukiyageuza, harufu kali iondoke, na wekundu utarudi.

Wino wenyewe: makapi kilo 2, maji lita 3, maji ya ndimu mililita 150. Pasha hadi nyuzi 65 na ubaki hapo saa moja ukikoroga. Usichemshe; kuanzia nyuzi 80 rangi huanza kwenda kahawia, na hairudi. Chuja kwa merikani, kamua kwa mikono miwili. Mimina kwenye sufuria pana, rudisha juu ya moto mdogo bila kifuniko, nyuzi 70 tu, mpaka lita tatu ziwe mililita 600. Hii inachukua saa nne au tano, na hapa ndipo subira ya wengi inapoishia na moto unapoongezwa. Gundi ya mgunga gramu 60, iliyolowekwa usiku kwenye mililita 120 za maji ya vuguvugu na kuchujwa, inaingia mwisho pamoja na karafuu tano zilizopondwa. Karafuu huzuia ukungu. Jaza chupa hadi shingoni ili pasibaki nafasi ya hewa.

Maji uliyotumia yatajulikana sasa hivi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvichumvi, na yenye magadi hugeuza rangi. Wekundu wa zabibu ni kipimo kamili cha uchachu: kwenye siki ni mwekundu kama rozela, kwenye maji safi ni zambarau, kwenye magadi ni buluu inayoelekea kijani, na magadi yakizidi ni manjano chakavu. Ndiyo maana tone la wino uleule hutoka tofauti kwenye karatasi tofauti. Karatasi nyingi nzuri za wachoraji hutiwa chaki kiwandani ili zisiharibike haraka. Wino mwekundu ukifika hapo unakuwa kijivu-buluu ndani ya dakika chache. Wako wanaopaka ndimu kwanza kuzuia hali hiyo. Inazuia, na inafupisha maisha ya karatasi. Ni afadhali kuupokea huo ukijivu. Una utulivu ambao wekundu wa mvinyo, unaofanana mno na doa la mezani, hauna.

Kutoka kwenye lita moja nyingine ya maji ya makapi, yasiyopunguzwa, hutengenezwa rangi ya unga. Yeyusha shabu gramu 30 kwenye mililita 200 za maji ya moto, changanya. Magadi ya sokoni yana mchanga, kwa hiyo yeyusha gramu 20, acha yatuame, tumia maji ya juu tu. Yatie kijiko kimoja kimoja kwenye ndoo yenye kina, maana povu litapanda mara tatu ya ujazo. Pima kwa karatasi za pH kila baada ya vijiko viwili na uache ikifika 6. Ukipitiliza 7, zambarau inageuka kijani na makapi yako yamepotea. Unga utatuama usiku. Chuja, suuza mara mbili kwa maji, kausha kivulini. Utapata vijiko vichache tu vya zambarau iliyopoa.

Mashapo, yaani tope la hamira linalobaki chini ya tangi, yatandazwe juu ya plastiki kwa unene wa milimita 5 na kukaushwa siku mbili. Yakisagwa kwenye kinu hutoa unga wa kahawia ya damu ya mzee, wenye chengachenga. Hizo chenga zisitupwe.

Kabla ya kulala: vipande vitano vya karatasi, upana wa vidole viwili. Cha kwanza wino wa makapi, cha pili rangi ya shabu ikingali majimaji, cha tatu maji ya kutu juu ya wino wa makapi (tanini ya mbegu ikikutana na chuma hutoa weusi), cha nne mashapo mabichi. Cha tano kimeachwa kitupu, kinasubiri makaa. Nusu ya kila kipande inafunikwa kwa foili. Kuanzia kesho vitalala kwenye dashibodi ya gari, kioo cha mbele kikivipokelea jua.

Siku ya 4: Hombolo, makaa na fuwele

Kitambaa cha Mpunguzi kilifunguliwa jana asubuhi. Kati ya majani kumi na nane, kumi na moja yametoka na mishipa yake yote. Mengine yalikuwa machanga.

Makaa. Matawi yanamenywa gome kwa kisu, kwa sababu gome hutoa masizi yanayochafua mstari na ndilo lililobeba mrututu. Yakatwe sm 12, yafungwe kwa waya mafungu ya kumi kumi, yashindiliwe ndani ya mkebe wa bati wa maziwa ya unga, na nafasi zijazwe mchanga mkavu. Mchanga unazuia vijiti visipinde na unafukuza hewa. Mfuniko utobolewe tundu moja la msumari. Mkebe uingie katikati ya moto wa kuni, si juu yake.

Halafu tazama tundu. Kwanza hutoka mvuke mweupe wa maji. Kisha moshi wa njano, mzito, unaoshika moto ukisogezewa njiti. Moto huo wa tunduni ukizimika wenyewe, kwa kawaida baada ya saa moja na nusu, makaa yameiva. Toa mkebe, ziba tundu kwa udongo mbichi, uache hadi upoe kabisa, saa nne au zaidi. Ukifunguliwa ukiwa na joto, hewa inaingia na vijiti vyote vinawaka mbele ya macho yako.

Kijiti kikikwaruza karatasi na kuacha kahawia, hakikuiva, kirudishe. Kikiandika na kuacha kijivu chepesi na kuvunjika, kilipitiliza. Kilichoiva hulia kama kioo kikigongwa kwenye kingine, na mstari wake una ubuluu kwa mbali. Wachoraji wa Italia wa karne ya 15 walilijua hilo na walitwanga makaa ya mzabibu kuwa rangi nyeusi. Vilivyovunjika navyo vinatwangwa na kuhifadhiwa. Kipande cha tano cha karatasi kinapata mstari wake na kuungana na wenzake garini.

Fuwele ni kazi ya jioni. Ukuta wa tangi la mvinyo hujenga gamba gumu, linalometa kama sukari guru iliyovunjika: ni chumvi ya asidi ya zabibu, inayojitenga mvinyo unapopoa. Kwenye maji ya nyuzi 20 huyeyuka gramu sita hivi tu kwa lita, kwenye maji yanayochemka gramu sitini. Tofauti hiyo ndiyo mashine yenyewe. Saga gamba, tia gramu 50 kwenye lita moja ya maji yanayochemka, koroga hadi lipotee, chuja haraka kwa kitambaa kilichopashwa moto, la sivyo litaganda kwenye chujio. Vile vikono kumi na tano vya mzabibu vining'inizwe ndani kwa uzi, visigusane. Funga beseni kwa blanketi ili lipoe polepole; likipoa kwa haraka unapata unga, likipoa usiku kucha unapata vipande vinavyoonekana kwa macho. Usiku wa Agosti wa Dodoma una baridi ya kutosha kumaliza kazi.

Siku ya 5: kwenda Kondoa

Vikono vimetoka vimevaa punje za waridi hafifu. Vikikauka vinapakwa vanishi iliyoyeyushwa kwa spiriti, kamwe si ya maji.

Barabara ya lami kwenda Kondoa inapita Makutupora, na baada ya hapo mizabibu inaisha, inabaki mibuyu na migunga. Kadiri unavyokaribia milima ya Irangi ardhi inazidi kuwa nyekundu na makorongo yanazidi kina. Eneo hili liliharibika vibaya kwa mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye sehemu zilizoliwa zaidi ili majani yarudi. Yalirudi. Kuta za makorongo ya zamani bado zinaonyesha tabaka za udongo kama keki iliyokatwa: nyekundu juu, manjano kati, kijivu karibu na maji yanaposimama.

Usichimbe ukuta. Chukua udongo ulioanguka chini wenyewe, kilo mbili za kila rangi, kwa idhini ya kijiji, na mbali na maeneo ya michoro.

Siku ya 6: Kolo

Kolo ipo kama kilomita 180 kutoka Dodoma, na safari ya miambani huanzia kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, pamoja na mwongozaji. Michoro ya miamba ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Mungomi wa Kolo ndiko wengi wanakopanda: njia ya miguu yenye mwinuko mkali, mwisho wake mwamba uliojiinamia kama paa, na chini yake watu warefu wembamba, nywele kama vichaka, na wanyama kama pofu na twiga. Wenyeji bado huenda pale kwa matambiko, kwa hiyo ukikuta mabaki ya sadaka pita pembeni.

Mchoraji atazame mambo matatu. Nyekundu ya zamani ni mistari myembamba, na imeingia ndani ya mwamba hasa. Ni mawe ya chuma yaliyosagwa. Nyeupe ya baadaye ni nene, imepakwa kwa vidole, na ndiyo inayobanduka. Na michoro iliyo hai zaidi ni ile ambayo mwamba umeitupia kivuli mchana kutwa na mvua haiifikii. Rangi ya mmea hakuna. Huenda waliitumia, huenda hawakuitumia. Ukuta hauwezi kusema, kwa sababu rangi ya mmea isingedumu hapo hata kidogo.

Usiguse, usinyunyizie maji ili rangi ing'ae kwenye picha, usiweke karatasi juu kunakili. Chora kwa makaa kwenye daftari, umesimama.

Mchana udongo wa jana unasafishwa kambini. Kilo moja kwa lita tano za maji, koroga, hesabu sitini, mimina maji yenye tope kwenye ndoo ya pili. Mchanga umebaki kwenye ya kwanza. Subiri dakika kumi, mimina kwenye ya tatu. Kilichotuama kwenye ya tatu usiku kucha ndicho rangi. Sehemu ya manjano inakaangwa kwenye kikaango cha chuma juu ya jiko la mkaa, ikigeuzwa dakika arobaini: maji yaliyofungwa ndani ya madini ya chuma yanatoka, na manjano inakuwa nyekundu kavu, yenye joto kuliko ile ya asili.

Siku ya 7: Kondoa, kuunganisha

Ubao ni plaiwudi ya milimita 12. Pande zote mbili zipakwe gundi nyeupe iliyoongezwa maji nusu kwa nusu. Ukipaka upande mmoja utapinda kama ganda la muhogo juani.

Tabaka la udongo: vipimo vitatu vya udongo uliosafishwa, kimoja cha mchanga mwembamba, kimoja na nusu cha gundi, maji hadi uwe mzito kama ugali laini. Ongeza nyuzi za katani zilizokatwa sm 1 hadi 2. Fundi wa nyumba ya tembe anajua sababu: udongo mtupu ukikauka unapasuka, wenye nyasi unashikana. Paka unene usiozidi milimita 2, acha ukauke, paka tena. Upepo wa mchana unakausha juu kabla ya chini na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa, kwa hiyo kazi ifunikwe kwa merikani yenye unyevu saa za kwanza. Chokaa isiingie popote. Ingeung'arisha udongo vizuri, na ingeugeuza wino wa zabibu kijani.

Vipande vya karatasi na kitambaa cha majani vinabandikwa kwa gundi iliyopakwa kwenye udongo, si kwenye karatasi. Wino wa makapi hauna kinga dhidi ya maji na utatoka.

Sasa vile vipande vitano. Siku nne za dashibodi, foili inafunuliwa. Wino wa makapi umepoteza zambarau yake nusu iliyo wazi, umebaki ubeji wenye kahawia. Rangi ya shabu imestahimili zaidi, lakini mstari wa foili unaonekana bila kutafutwa. Mashapo yamesogea kutoka kwenye damu kwenda kwenye ardhi. Weusi wa kutu na mbegu haujabadilika kwa siku nne, ingawa kwa miaka utaelekea kahawia. Mstari wa makaa hauonyeshi foili ilikuwa wapi.

Kwa hiyo makaa yanachorwa kufuata kingo za kila eneo la zabibu, si juu yake kama pambo. Rangi itakapoondoka, umbo litabaki limezungushiwa mstari mweusi ndani ya udongo mwekundu, na mchoro hautakuwa na shimo. Maeneo ya wino yawe machache na makubwa. Madoa madogo mengi yakipauka huonekana kama uchafu. Zambarau ya shabu iende chini kulia, mbali na mahali dirisha litakapokuwa. Makaa yanashikizwa kwa maziwa yaliyoenguliwa mafuta, nusu maji, yakipuliziwa mbali kama ukungu, mara tatu, kila mara yakikauka. Vikono vyenye fuwele ni vya mwisho, kila kimoja kwenye tone la gundi nzito, na kisikae popote panapoweza kulowa.

Nyuma ya ubao kunaandikwa kwa penseli: msimu, shamba, vipimo vya wino, tarehe. Chini ya maandishi kinabandikwa kile kipande cha kwanza cha wino wa makapi, foili ikirudishwa juu ya nusu yake na kufungwa kwa gundi upande mmoja tu, ili atakayeugeuza ubao aweze kuifunua na kuona zambarau ilikuwa ipi.